Sura ya Nne: Ngoma Kabla ya Neno la Kwanza

Ukitembelea vilabu vya filamu vya shule za Meru na Embu majuma machache kabla ya mashindano, swali linalokupokea mlangoni ni lile lile: "Mwalimu, tuweke wimbo gani mwanzoni?" Mara nyingi anayeuliza ameshachagua. Wimbo anao kwenye simu, umevuma kwenye matatu muhula mzima, au ni ule wa vinanda vya nyuzi uliotoka kwenye filamu ya kigeni aliyoipenda. Anachongoja ni kuambiwa kwamba unafaa. Sura hii ni yake, na ni ya mwalimu wa drama anayeletewa filamu iliyokwisha kupigwa picha, zimebaki siku mbili, na hakuna aliyewahi kufikiria sauti.

Filamu sasa ina nafasi yake rasmi katika mashindano ya shule na vyuo, hata jina limekuwa Tamasha la Kitaifa la Drama na Filamu. Mwaka 2024 fainali zilikuja Embu, na watoto wengi wa eneo hili walipata kuona kazi za wenzao kutoka pembe zote za nchi bila kusafiri mbali. Kitu kimoja ambacho hakihitaji kamera ghali wala taa za kukodi ni kuchagua vizuri sauti ya mwanzo. Ndiyo maana nimekipa sura nzima.

Tuelewane kwanza kuhusu istilahi. Majina ya kufungulia ni ile sehemu ya mwanzo ambapo jina la filamu, la mwongozaji, la waigizaji na la shule hupita kwenye skrini. Filamu ikiwa ya dakika 10 na majina yakachukua nusu dakika, hiyo ni sehemu moja katika ishirini ya kazi yenu yote. Nusu dakika hiyo inapita kabla mhusika hajafungua kinywa, na muda wote huo muziki ndio unaozungumza.

Simba wa Meru na muziki wa John Barry

Simba jike anayejulikana kuliko wote duniani amezikwa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Meru. Ni Elsa, aliyelelewa na Joy na George Adamson, akarudishwa porini, akafa mwaka 1961. Kitabu cha Joy Adamson kilitoka mwaka 1960, na mwaka 1966 ikafuata filamu, Born Free, iliyopigwa picha humu humu Kenya. Muziki wake ulitungwa na Mwingereza John Barry, na ukapata tuzo mbili za Oscar, moja ya muziki wa filamu na nyingine ya wimbo. Karibu miaka 20 baadaye, mwaka 1985, ikaja Out of Africa, hadithi ya mwanamke wa Denmark aliyelima kahawa chini ya vilima vya Ngong. Mtunzi alikuwa yule yule John Barry, na Oscar akapata tena.

Sikiliza majina ya kufungulia ya filamu hiyo ya pili. Gari moshi linakata nyika, kamera iko mbali, na vinanda vingi vya nyuzi vinapanda polepole kama mtu anayevuta pumzi ndefu. Ni muziki mzuri sana, tena umefanya kazi yake barabara: hadithi ni ya mgeni aliyeipenda nchi, akaipoteza, akaikumbuka akiwa mbali. Kwa hiyo muziki nao unaitazama nchi kwa mbali.

Sasa chukua muziki wa namna hiyo, uuweke kwenye filamu ya msichana wa Runyenjes anayegombana na mama yake kuhusu karo. Picha inasema tuko jikoni, sauti inasema tuko kwenye ndege tukichungulia dirishani. Mtazamaji hatajua kueleza kilichomsumbua. Atakuwa tu amekaa mbali na msichana yule, na itamchukua dakika mbili tatu kumsogelea, dakika ambazo filamu ya wanafunzi haina.

Hilo ndilo ninalotaka ulibebe katika sura hii. Muziki wa mwanzo humwonyesha mtazamaji mahali pa kusimama: ndani ya nyumba au nje ya ua, upande wa mtoto au upande wa mzazi, leo au zamani. Ukishajua unataka asimame wapi, nyimbo tisa kati ya kumi zilizo kwenye simu yako zitajiondoa zenyewe.

Picha moja, sauti nne

Tuseme filamu yenu inahusu kijana wa kidato cha tatu karibu na Maua, anayeamka alfajiri kuchuma na kufunga miraa ili apate karo, kisha anafika shuleni amechelewa na macho yamemzidi uzito. Picha za kwanza ni za mikono peke yake. Inachambua vijiti, inavilinganisha, inavifunga kwa ukanda wa mgomba, inazungushia jani bichi la mgomba. Nje, pikapu imeshawashwa, maana mzigo lazima ufike Nairobi ungali mbichi.

Weka vinanda vya nyuzi, vya polepole. Mikono inakuwa ya huzuni. Mtazamaji anamhurumia kijana kabla hajamjua, na huruma ya mapema ni ngumu kuiondoa baadaye ukitaka acheke naye.

Weka gengetone inayovuma. Mikono inakuwa mahiri, karibu iwe ya kujivunia. Tunahisi pesa, haraka, ujana. Huo unaweza kuwa mwanzo sahihi kabisa, ikiwa hadithi inataka tuelewe kwa nini kijana anaipenda kazi hii na kwa nini shule inashindwa kumshika. Filamu ya Rafiki ya Wanuri Kahiu, ya mwaka 2018, iliutumia mlango huu. Majina yake ya kufungulia yanakwenda na wimbo wa Muthoni Drummer Queen, nawe unatambua mara moja kwamba uko Nairobi ya vijana, na kwamba wasichana ndio watakaoongoza hadithi.

Weka ngoma nzito. Mikono inakuwa ya ukoo mzima. Kazi ya kijana mmoja inageuka kuwa desturi ya watu, na hapo umefungua swali la wazee, ardhi na urithi. Kama filamu haina mzee hata mmoja, umeahidi kitu ambacho hutakileta.

Mwisho, usiweke muziki wowote. Acha jani la mgomba lichanike, kamba ikazwe, injini ingurume, mtu aite kwa Kiigembe kutoka nje. Majina yapite juu ya sauti hizo. Mtazamaji yuko ndani ya kibanda pamoja na kijana, na hajaambiwa amhurumie wala amsifu. Mimi ningechagua hii. Inagharimu asubuhi moja ya kurekodi, na hakuna shule ya Nairobi wala Kisumu itakayokuja na sauti kama hiyo.

Sauti za mahali ni muziki kamili zikipangwa. Msanii KMRU, mzaliwa wa Nairobi, amejenga jina lake duniani kwa kurekodi sauti za mazingira na kuzitandaza polepole. Albamu yake Peel ya mwaka 2020 ni mfano mzuri wa kusikiliza. Jina lake halisi ni Joseph Kamaru, na ni mjukuu wa mwanamuziki Joseph Kamaru, yule yule ambaye wazazi wako walimsikiliza kwenye redio. Tutamrudia babu yake baadaye, kwa sababu ya sheria.

*Kwa ufupi:* kabla ya kutafuta wimbo, andika sentensi moja: "Majina yakiisha, nataka mtazamaji awe ______." Kisha jaribu sauti nne tofauti kabisa juu ya picha zile zile, na uwaonyeshe watu ambao hawajasoma hadithi yenu. Usiwaulize kama wameupenda muziki. Waulize wanadhani filamu inahusu nini.

Ngoma za Chuka hazimfai kila mtu

Kati ya Embu na mji wa Meru, ukishavuka mto Thuci, unaingia nchi ya Wachuka, na huwezi kuandika juu ya sauti za huku ukawaruka wapiga ngoma wao. Wakenya wengi wamewaona kwenye sherehe za kitaifa. Ngoma ni ndefu, mpigaji ameibana katikati ya mapaja ikiwa imeinamia mbele, anaipiga kwa viganja huku mwili mzima ukienda nayo. Wakipiga watu wengi pamoja, sauti unaisikia kifuani kabla ya masikioni.

Kwa sababu hiyo hiyo, kila klabu ya filamu ya eneo hili inaitamani, na wengi huitumia vibaya. Wanaiweka mwanzoni ili filamu "ionekane ya Kiafrika", kisha hadithi yenyewe ni ya wizi wa simu bwenini. Ngoma ile imezoeleka kukusanya watu. Ukiipiga, sikio linangoja mkusanyiko, sherehe au jambo kubwa la jamii. Filamu kuhusu baraza lililogawanyika juu ya shamba, kuhusu mazishi ya mzee, kuhusu kijiji kinachomngoja mtoto wao arudi kutoka ng'ambo, hizo zinaibeba. Filamu ya watu wawili wanaonong'onezana haiibebi.

Uangalifu zaidi unahitajika kwa nyimbo zenye mahali pake maalumu. Kirarire, kwa mfano, ni nyimbo za jandoni. Mtazamaji wa Tharaka au Mwimbi akizisikia juu ya picha za harusi atashtuka, na wazee wana haki ya kuudhika. Uliza kwanza: wimbo huu huimbwa lini, na nani, na nani hatakiwi kuusikia? Jibu la swali hilo lisipatikane kwenye simu. Mtafute anayeuimba.

Mkikubaliwa kurekodi, fanyeni hivi:

- Rekodini nje, kwenye uwanja wenye nyasi. Darasa la mabati na kuta tupu huirudisha sauti mara tatu, na hakuna programu itakayoiondoa.
- Msiweke simu karibu na ngoma. Rudini nyuma hatua kumi hivi. Ngoma ya karibu huijaza maikrofoni kupita kiasi, sauti ikapasuka, na sauti iliyopasuka haishoneki.
- Funikeni maikrofoni kwa kipande cha sponji au soksi safi, upepo wa mchana una nguvu.
- Rekodini pia mpigaji mmoja peke yake, polepole, na nusu dakika ya uwanja mtupu bila mtu kusema. Mhariri atawashukuru.
- Msitumiane rekodi kama ujumbe wa sauti kwenye WhatsApp, inapunguza ubora. Itumeni kama faili, au mchukue moja kwa moja kwa waya.

Maneno yanapogombania macho

Hapa sitakawia. Mtazamaji anaposoma majina kwenye skrini, akili yake iko kwenye maneno. Ukimwimbia maneno mengine wakati huo huo, moja litapotea, na mara nyingi ni yote mawili. Ndiyo maana muziki usio na maneno, au wenye maneno machache yanayorudiwa, hukaa vizuri chini ya majina.

Lugha inaongeza uzito. Wimbo wa Kiembu au wa Kitharaka utasikika na kueleweka nyumbani, lakini kwenye fainali za taifa wengi watasikia sauti tu. Hilo si kasoro. Mara nyingine sauti ya mwanamke akiimba kwa lugha usiyoijua inakuweka mahali haraka kuliko maelezo yoyote. Hakikisheni tu kwamba fumbo muhimu la hadithi halikufichwa ndani ya wimbo ambao waamuzi hawatauelewa. Na kama unatumia lugha ambayo wewe mwenyewe huijui vizuri, mwombe mwenye lugha akusomee kila ubeti.

Hesabu ya mapigo

Majina yakibadilika pamoja na mapigo ya muziki, filamu huonekana imeshikwa na mkono unaojua. Hesabu yake ni ya darasa la sita.

Video ni mfululizo wa picha tulivu zinazoitwa fremu. Kamera nyingi za huku huwekwa fremu 25 kwa sekunde. Tempo ni kasi ya muziki, nayo hupimwa kwa mapigo katika dakika moja. Tuseme ngoma yenu ina tempo ya 100. Dakika ina sekunde 60, kwa hiyo pigo moja ni sekunde 0.6, yaani fremu 15 kamili. Mapigo manne ni fremu 60, au sekunde 2.4, muda wa kutosha kulisoma jina la mtu mara mbili bila haraka.

Mkiwa na majina nane, kila moja mapigo manne, hizo ni sekunde 19.2. Kipeni kichwa cha filamu mapigo manane, sekunde 4.8. Jumla inakuwa sekunde 24 juu ya alama. Simu ikiwa imerekodi kwa fremu 30 kwa sekunde, pigo lile lile ni fremu 18. Na ikiwa ngoma yenu inakwenda kwa tatu-tatu, hesabuni kwa tatu na sita. Msiilazimishe kwenye nne kwa sababu kitabu kimetoa mfano wa nne.

Kisha ivunje hesabu mahali pamoja. Kila kitu kikiangukia pigo, jicho linachoka na kuanza kutabiri. Acha kichwa cha filamu kichelewe pigo moja, au kitokee ngoma inaponyamaza. Ndicho watu watakachokumbuka.

Wimbo huu ni wa nani?

Sasa swali ambalo huulizwa likiwa limechelewa: tunaruhusiwa kuutumia?

Kila wimbo uliorekodiwa una mali mbili ndani yake. Kuna utunzi, yaani sauti na maneno yaliyobuniwa, na kuna rekodi, yaani ule upigaji mmoja uliohifadhiwa studioni. Zinaweza kuwa za watu wawili tofauti, na filamu inahitaji ruhusa ya wote wawili. Ruhusa ya kuunganisha muziki na picha ni jambo la peke yake. Leseni ya kucheza muziki hadharani, ile wanayolipia wenye hoteli na matatu, haiwapi ninyi haki ya kuushona wimbo kwenye filamu yenu.

Chukua babu Kamaru. Alifariki Oktoba 2018. Sheria ya hakimiliki ya Kenya hulinda utunzi kwa miaka 50 baada ya mwaka aliofariki mtunzi kuisha, na rekodi kwa miaka 50 baada ya mwaka iliporekodiwa kuisha. Kwa hiyo ukipata rekodi yake ya mwaka 1970, ulinzi wa rekodi ulikwisha mwaka 2020 ulipofika mwisho, lakini wimbo wenyewe, kama aliutunga yeye, unalindwa hadi mwisho wa 2068. Rekodi ni kuukuu, ruhusa bado inahitajika.

Mozart ni kinyume chake. Alikufa mwaka 1791, utunzi wake ni wa watu wote. Ila ile rekodi safi ya okestra uliyoipakua ina wenyewe. Mpate mwanafunzi mwenzenu anayepiga kinanda kanisani awapigie, mko salama.

"Lakini sisi ni wanafunzi, hatuuzi." Nalisikia kila mwaka. Kutouza kunaweza kumfanya mwenye wimbo akubali bure au kwa bei ndogo, na wanamuziki wengi wa eneo hili, ukiwaandikia kwa adabu mapema, hukubali. Hakukuondolei wajibu wa kuuliza. Tena filamu ikishinda mtataka kuipandisha YouTube, na pale mashine hutambua wimbo wenyewe kwa wenyewe, ikazima sauti au kumpa mwenye wimbo mapato yote.

Ziko pia kazi zenye leseni huria, Creative Commons, ambapo msanii ametangaza masharti mapema. Soma herufi: BY ina maana mtaje msanii, NC, usifanye biashara, ND, usiibadilishe. Hiyo ya mwisho huwanasa wengi, kwa sababu kuunganisha muziki na video huhesabiwa kuwa ni kuubadilisha. Wimbo wenye ND usiuguse.

Na nyimbo za jadi ambazo hakuna ajuaye aliyezitunga? Wengi hudhani hizo ni za kuokota. Kenya ina sheria ya mwaka 2016 inayolinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni, nayo inataka jamii yenyewe ikubali kabla kazi yake haijatumiwa nje ya desturi. Hata kama sheria isingekuwapo, ningewaambia vivyo hivyo. Wapiga ngoma wa Chuka, akina mama wanaoimba Mbeere, hao ni wasanii wenye kazi. Nendeni na mwalimu, elezeni hadithi ya filamu, semeni itaonyeshwa wapi, ulizeni wanataka nini. Huenda wakataka nauli na chakula, huenda wakataka nakala ya filamu, huenda wakakataa. Ruhusa iandikwe kwenye karatasi, itiwe sahihi, ipigwe picha, na nakala ibaki shuleni, kwa sababu ninyi mtahitimu na mwalimu anaweza kuhamishwa.

Hatari ya muziki wa majaribio

Wahariri huweka wimbo wowote chini ya picha wakati wanakata, ili wapate mwendo. Huo ni muziki wa majaribio. Hatari yake ni kwamba ukiusikia kwa siku nyingi, hakuna mwingine utakaokufaa tena. Kisa mashuhuri ni cha Stanley Kubrick katika 2001: A Space Odyssey ya mwaka 1968. Alimwajiri Alex North atunge muziki, North akatunga, lakini Kubrick akabaki na nyimbo za zamani alizokuwa akizitumia wakati wa kukata, ikiwemo ile ya Richard Strauss inayofungua filamu. North aliligundua hilo alipokwenda kuitazama.

Kubrick alikuwa na kampuni kubwa nyuma yake. Ninyi mna muhula mmoja. Kwa hiyo tumieni muziki wa majaribio ambao tayari mna ruhusa nao, au kateni kwa mlio wa metronomu, ile programu ya simu inayogonga mapigo tupu kwa tempo unayoichagua. Hakuna anayeipenda metronomu kiasi cha kukataa kuibadilisha.

Wimbo ukishapatikana, rudini kwenye orodha ya majina ya mwisho kabla ya kuifunga filamu. Kila mpigaji, kila mwimbaji, na kijiji walikotoka, waandikwe kwa tahajia waliyoiandika wao wenyewe kwenye ile karatasi ya ruhusa, na majina yakae kwenye skrini kwa muda ule ule mliompa mwongozaji.